Kulabu Kwenye Kila Nyota

Nakawa, Kampala
24 Oktoba 1976

Kwa Yaya Kahambu, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii imewakuta wazima huko Butembo, na kikohozi cha Mama kimempa nafasi ya kulala. Mimi sijambo. Jean-Pierre wa lori, anayekuletea barua hii, atakwambia nimekonda. Usimsikilize, yeye humpima kila mtu kwa tumbo lake.

Kabla hujaendelea: kile kipande cha karatasi ulichokikuta katikati ya barua kina rangi gani? Ni karatasi ya picha kutoka hapa studio ninapofanya kazi, haijawahi kuona mwanga. Nilikikunja ndani ya barua nikiwa chumba cha giza, kisha nikafunga kila kitu kwa karatasi nyeusi. Kikipigwa na mwanga wa mchana kwa dakika chache hugeuka zambarau, na hakirudi tena kuwa cheupe. Kwa hiyo kila ukifungua barua yangu, kiangalie mara moja. Kikiwa cheupe, wewe ndiye wa kwanza kuisoma. Kikiwa zambarau, kuna mtu amekutangulia. Niandikie tu rangi, nami nitajua kama niendelee kusema au niishie kwenye habari za mvua. Watu huku wanachukuliwa kwa maneno machache kuliko haya.

Sasa habari yenyewe, na kosa ni lako. Nani aliyenitoa nje nikiwa na miaka saba akanionyesha lile doa la ukungu upande wa kaskazini, akasema, "Anselme, lile si wingu"? Sasa nina darubini. Ni ya yule Mhindi mwenye studio aliyefukuzwa mwaka wa sabini na mbili, siku ya kuondoka alinikabidhi akaniambia, "Hii uwanja wa ndege wataichukua, heri uichukue wewe." Ni ndogo, kioo chake inchi tatu, imesimama kwa miguu mitatu. Kwa miaka minne nimeificha chini ya kitanda kama chupa ya gongo. Mwezi huu nimeitoa. Nataka kulipiga picha doa lile. Ni galaksi, dada, nyota kwa mabilioni zinazokaa pamoja, na mwanga wake umetembea miaka milioni mbili kabla ya kufika kwenye ua wangu. Nikifaulu nakutumia picha uwaonyeshe wanafunzi wako.

Kinachoniharibia raha ni jirani. Nyuma ya ua wangu, upande uleule wa kaskazini, anakaa Sajini Odur, polisi, mtu wa Lango kule Lira, na mkewe Joska na mtoto wao mdogo. Kila nikitoa darubini, namwona amesimama mlangoni pake ananitazama. Hasemi kitu, na afadhali angesema.

Mdogo wako,
Anselme


Butembo
9 Novemba 1976

Mdogo wangu Anselme,

Cheupe. Cheupe kabisa, kama ulivyokiacha.

Mama alikula siku barua yako ilipofika. Nakuambia hivyo kwa sababu siku nyingine hali chakula. Macho yake sasa yanaona mwanga wa dirisha tu, kwa hiyo nilimsomea mara tatu, na mara ya tatu aliniuliza kama nyota hizo nazo zina majirani wabaya.

Darasa langu la tano wameambiwa. Nimefanya kosa hilo. Sasa kila asubuhi mmoja anasimama na kuuliza, "Mwalimu, picha imefika?" Kwa hiyo piga picha yako haraka, funga mizigo, urudi nayo mwenyewe. Krismasi ni nzuri kwa kurudi.

Huyo polisi simpendi. Mtu mwenye nia njema husalimia. Mtu anayesimama mlangoni na kutazama anahesabu kitu. Usimwonyeshe daftari lako la picha, usimpige picha mtoto wake hata akikuomba, na usiwe mwema kupita kiasi, maana wema wako nao ataupeleka kwa wakubwa wake.

Andika. Hata mistari miwili, andika.

Dada yako,
Kahambu


Nakawa
23 Novemba 1976

Yaya Kahambu,

Ahsante kwa "cheupe" yako. Nimelala vizuri kwa sababu yake, na leo nasema yote.

Picha ya kwanza imekuwa aibu. Si unajua dunia inazunguka? Basi nyota nazo zinahama, na filamu inahitaji dakika arobaini kunywa mwanga hafifu kama ule. Kamera nimeifunga mgongoni mwa darubini. Mimi nachungulia nyota moja iliyo kati ya nyuzi mbili, na kwa vidole nazungusha skrubu, polepole, polepole, ili isitoke katikati. Kwa dakika arobaini mtu hakohoi, hajikuni, na mbu anamla. Mkono ukicheza mara moja, nyota zote kwenye picha zinaandika kosa lako. Usiku ule nilikohoa. Nyota zikatoka kama tambi.

Na juu ya hayo kulikuwa na taa ya Odur, ile ya nje, inayomwaga mwanga hadi kwenye ukuta wangu. Siku ya tatu alikuja mpaka kwenye uzio.

"Wewe Mukongo," akasema, "hiyo kitu yako kila siku inaangalia nyumba yangu. Inatafuta nini?"

"Nyota, afande."

"Nyota gani inakaa kwa paa yangu?"

"Iko juu ya paa, afande. Mbali sana juu."

"Mbali namna gani?"

Nikamwambia ile miaka milioni mbili. Aliinua kichwa akatazama juu ya paa lake. Kisha akauliza, "Na hii taa yangu inasumbua?"

"Kidogo, afande."

"Kidogo," akarudia, akaingia ndani.

Kesho yake, saa mbili kamili usiku, taa ikazimwa. Na kesho kutwa yake. Sasa kila usiku saa mbili inazimwa. Ungedhani nimefurahi? Dada, nimeogopa zaidi. Polisi gani anazima taa kwa sababu ya Mkongomani asiye na hata kibali kipya? Kwenye giza lile naona moto wa sigara yake, halafu sioni kitu, halafu nasikia mlango wa nyuma. Anatoka. Kila usiku, taa ikizimwa, anatoka.

Nimeanza kuandika saa zake kwenye daftari langu la picha, pembeni, karibu na saa za filamu. Akinishtaki, na mimi nitakuwa na la kusema.

Anselme


Butembo
12 Desemba 1976

Anselme,

Cheupe tena.

Jean-Pierre ana haraka, kwa hiyo nasema moja tu. Umefanya vema kuandika saa. Mtu akikuchunguza, nawe mchunguze. Mfuate kwa hiyo darubini yako ujue anakwenda wapi na kwa nani, kisha uniandikie, ili siku wakikugusa sisi huku tujue tumtaje nani.

Mama anauliza kwa nini husemi neno kuhusu Krismasi.

Kahambu


Nakawa
23 Januari 1977

Yaya Kahambu,

Heri ya mwaka mpya, na uniombee radhi kwa Mama. Barabara ya Kasese ilikuwa na vizuizi kila maili chache, na mgeni mwenye karatasi zilizoisha muda hapiti hapo akiimba Noeli.

Nimefanya ulivyoniambia. Sasa najua Odur anakwenda wapi.

Saa mbili taa inazimwa. Saa mbili na dakika kumi anatoka mlango wa nyuma, bila sare, bila viatu vya kazi, na blanketi limekunjwa chini ya kwapa. Anateremka njia ya bondeni mpaka kwenye tanuri la zamani la matofali, lile lililoachwa, karibu na mafunjo. Anaingia kwa tundu la upande wa bondeni. Nimemwona usiku tisa, na mwezi ulinisaidia siku nne. Harudi mpaka alfajiri. Mtu mmoja tu ndiye humfuata huko, mara moja kwa wiki, kijana mrefu, mdogo wake nadhani, anaitwa Ongom, amebeba sufuria.

Huko ndani anakutana na nani? Mimi nina jibu langu. Nadhani wale wa ofisi isiyotajwa, wanaochukua watu usiku, wanamjia kwa upande wa mafunjo, na yeye anawasomea majina ya mtaa mzima. Na mimi niko ukurasa wa kwanza: Mukongo, darubini, saa mbili usiku. Jana Joska alinisalimia kwenye bomba la maji, akaniuliza kama nyota zangu zimekubali. Alicheka vizuri tu. Nilimwaga nusu ya ndoo.

Habari njema ni kwamba picha inakaribia. Usiku wa tarehe kumi na tisa, mwezi hakuna, nilishika skrubu dakika thelathini bila kupumua sana. Nilipoisafisha filamu niliiona, dada! Doa refu, limelala ubavu, katikati kuna kiini cheupe. Hafifu bado, na pembeni kuna uchafu. Nimebakiwa na filamu moja. Mwezi utapotea tena katikati ya Februari, na wakati huo galaksi itakuwa imeinama karibu kabisa na paa la Odur. Baada ya hapo mpaka mwishoni mwa mwaka. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

Anselme


Butembo
8 Februari 1977

Mdogo wangu,

Cheupe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nakwama pahali pamoja. Blanketi. Anselme, mtu anayekwenda kutoa majina hachukui blanketi. Na mdogo wake hamletei sufuria. Mtu mwenye blanketi anakwenda kulala. Kwa nini polisi mwenye nyumba na mke alale kwenye tanuri?

Redio ya hapa imesema mambo kuhusu watu wa Lango na Acholi kwenye majeshi yenu, kwamba wanakusanywa nyumbani kwao usiku. Labda wewe huko husikii redio hiyo. Nadhani huyu mtu anaogopa kuliko wewe. Nadhani taa anaizima ili asionekane akitoka, na alikuwa akisimama mlangoni kukutazama kwa sababu alidhani wewe ndiye umetumwa kumtazama yeye.

Tulikosea, mimi na wewe. Usiandike tena habari zake. Futa kwenye daftari, au chana ukurasa.

Jean-Pierre anasema mpaka umefungwa, hajui lini atavuka. Naomba hii ikufikie mapema.

Kahambu


Nakawa
20 Februari 1977

Dada,

Barua yako ya tarehe nane imefika jana, tarehe kumi na tisa. Imechelewa siku nne.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Jumanne tarehe kumi na tano nilianza saa mbili na dakika kumi na mbili. Odur alikuwa ameshateremka na blanketi lake. Giza lilikuwa zuri, galaksi iko juu ya paa lake kama vidole vitatu tu. Dakika ya ishirini nikasikia gari. Lilikuja bila taa. Nikasema moyoni, leo ni mimi. Lilipita mlango wangu. Likapita mlango wa Odur pia, dada. Halikusimama. Hawakubisha hodi, hawakumuuliza Joska mume wako yuko wapi. Lilishuka moja kwa moja njia ya bondeni, kwenye njia ambayo hata baiskeli inapita kwa shida, likasimama tanurini. Mlango wa gari ukapigwa. Nikasikia sauti moja tu ya mtu, fupi. Kisha mlango tena, na gari likarudi juu.

Na mimi? Niliendelea kuzungusha skrubu. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshika kitu na niliogopa kukiachia. Dakika arobaini zilipokwisha nikafunga kamera, nikaingia ndani, nikalala chini ya kitanda mahali darubini ilipokuwa ikilala.

Alfajiri Joska alinigongea, mtoto mgongoni. "Jirani, jana umesikia gari? Umeona wametokea wapi?" Nikamwambia nililala mapema, nilikuwa na homa. Aliniangalia usoni, akasema pole kwa homa. Alhamisi ameondoka na mtoto kwenda kwao Lira.

Kitu kimoja kinanila. Waliijua njia. Waliijua mpaka mahali pa kusimamisha gari. Joska asingesema. Sasa niambie tena, na uniambie kama dada na si kama mwalimu: kile kipande kilichokuwa ndani ya barua yangu ya Januari, kilikuwa na rangi gani?

Anselme


Butembo
2 Machi 1977

Anselme,

Hii haikuja kwa Jean-Pierre. Nimempa Sista Julienne anayepitia Kasese, ameificha kwenye kitabu chake cha sala. Usimpe Jean-Pierre kitu tena kamwe.

Kilikuwa zambarau.

Cha Novemba kilikuwa zambarau. Cha Januari kilikuwa zambarau iliyokolea, kama mtu aliiacha barua mezani mchana kutwa. Cha Oktoba peke yake ndicho nilichokuambia ukweli.

Nilikudanganya. Niliogopa nikikuambia utaacha kuandika. Ulisema mwenyewe, zambarau ikitokea utaishia kwenye habari za mvua. Na Mama anakula siku ya barua, Anselme. Nilikuwa nikifungua ile karatasi nyeusi, naona rangi, halafu namsikia Mama kutoka chumbani, "Ni yeye?" Nikajiambia, wanasoma habari za nyota, wacha wasome, watachoka. Hata ulipoanza kuandika saa za yule mtu nilijiambia ni polisi mwenzao, hawatajali. Na ni mimi niliyekutuma umfuate. Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu huku kile kipande cha zambarau kiko juu ya meza.

Nimembana Jean-Pierre. Amelia mbele yangu. Kuna ofisa kwenye kizuizi kimoja cha barabara ya kutoka Kampala, huchukua barua zote, hulala nazo, humrudishia asubuhi, na kwa hilo shehena yake inapita. Anasema alidhani ni mambo ya kifamilia.

Sijui nikuombe msamaha vipi kwa kitu ambacho hakikufanyika kwako. Rudi nyumbani. Pitia milimani na Sista Julienne atakaporudi huku, anajua watu. Hao waliosoma yote haya wanajua jina lako, darubini yako na saa unayotoka.

Mama sijamwambia.

Kahambu


Lira
14 Machi 1977

Kwa Bwana Anselme, jirani yetu,

Salamu sana. Mimi Joska naandika mwenyewe. Kiswahili yangu ni ile ya kambi ya polisi, usicheke.

Tulifika vizuri, mtoto anakula. Baba yake hatujapata habari. Nilienda kwa ofisi tatu kabla ya kutoka Kampala, kila moja wanasema hawana mtu wa jina hiyo.

Nataka kuuliza wewe kitu moja, na mimi sina hasira. Ile siku ulisema ulilala. Lakini mimi niliona taa yako ndogo nyekundu kwa uwanja, ile unatumia kusoma saa. Najua uliogopa. Watu wote waliogopa. Odur mwenyewe alikuogopa wewe mwanzo, alisema huyu Mukongo ametumwa. Halafu siku moja alirudi kutoka kwa uzio anacheka, akasema, "Joska, huyu mutu kweli anatafuta nyota. Tuzime taa apige picha yake." Mimi nikasema ni vizuri, na wewe utatoka bila kuonekana. Akasema, "Basi tunasaidiana." Kama alikuwa anazima taa, ilikuwa kwa nyinyi wawili.

Sasa shida iko hapa. Tanuri walijua watu watatu tu. Odur, mimi, na mdogo wake Ongom aliyekuwa anapeleka chakula, naye amerudi huku nyumbani. Wazee wamekaa. Wamesema mimi sikuuza mume wangu, basi ni Ongom. Wamemtoa kwa boma. Anakula peke yake kwa shamba, watoto wamekatazwa kumsalimia, na mama yake mwenyewe amesema huyu si mtoto wake tena. Ongom anaapa na hakuna anayesikia. Mimi nikimwangalia, siku nyingine naamini, siku nyingine siamini. Nachoka.

Wewe ulikuwa nje. Kama uliona mtu mwingine, au unajua kitu, niambie. Barua umpe Akidi, anauza samaki hapo soko ya Nakawa, anakuja huku Pasaka.

Ni mimi,
Joska


Nakawa
27 Machi 1977

Kwa Mama Joska,

Sikuwa na homa. Sikulala. Nilikuwa nje tangu saa mbili na dakika kumi na mbili mpaka gari liliporudi juu.

Ongom hakusema kitu. Mwenye kusema ni mimi.

Nilidhani mumeo ananipeleleza, nikamfuata kwa darubini usiku tisa. Niliandika saa anayotoka, blanketi lake, njia ya bondeni, tundu la tanuri, hata sufuria ya Ongom. Niliyaandika kwenye barua kwa dada yangu Kahambu huko Butembo, kwa herufi nzuri, na barua hiyo ilifunguliwa njiani ikasomwa na wale waliomchukua. Tulikuwa na alama ya kujua kama barua imefunguliwa, na alama ilisema kweli, lakini dada yangu hakuniambia. Simtupii yeye lawama. Aliyeshika kalamu ni mimi.

Nilikuwa nikijiuliza kwa nini hawaji kunichukua, mimi mgeni mwenye bomba la kutazamia watu. Nikasema ni bahati. Sasa naelewa. Kwa nini wamchukue mtu anayewaandikia? Nilitafuta mpelelezi wa mtaa huu kwa miezi minne, kumbe nilikuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi.

Dada yangu ananitaka niondoke, na nitaondoka, lakini si kabla Akidi hajapanda basi na barua hii mkononi.

Ndani kuna picha. Ni moja tu, nimeisafisha juzi, nilikuwa naogopa kuiangalia. Ukungu ule mrefu katikati ndio ile galaksi niliyomwambia Odur. Ule weusi chini ni paa lenu. Sasa itazame kwa karibu, mpe na Ongom aitazame. Kila nyota ina kulabu ndogo upande wa kushoto, zote sawa, zote zinaelekea upande mmoja. Picha ikipigwa vizuri nyota huwa nukta. Zile kulabu ni mkono wangu. Ni dakika ya ishirini na tatu, mlango wa gari ulipopigwa kule tanurini, nilishtuka, kisha nikairudisha skrubu mahali pake nikaendelea. Wazee wakisema mtu anaweza kujisingizia ili amwokoe mwingine, waonyeshe hiyo. Mtu aliyelala hawezi kuitengeneza. Niliwaahidi picha hii wanafunzi wa dada yangu. Kaa nayo wewe.

Sikuombi unisamehe, na sitakuambia nitakuwa wapi, si kwa kukuficha, ila usije ukaulizwa ukawa na la kujibu. Ningekuwa mtu kamili ningetoka kwenye ua wangu usiku ule nikapiga kelele. Sikutoka. Naona aibu hiyo kila nikizima taa.

Barua hii sikuifunga kwa karatasi nyeusi, wala hakuna kipande ndani. Wakitaka waisome njiani, na waisome, hakuna jina humo wasilolijua. Ukiipata, usiisome peke yako. Waite wazee, mwite mama wa Odur na Ongom, uisome kwa sauti mbele ya boma lote, na jina langu ulitaje lote: Anselme Muhindo, mpiga picha, wa Nakawa.

Kisha mtu aende shambani amwite Ongom, aje ale nyumbani.

Jirani yenu,
Anselme